Hawashindwi kuacha sigara kwa kukosa bango

Kazi yangu ni utafiti wa kampeni za kupambana na sigara katika jamii za wahamiaji hapa Australia, na ombi linalonifikia ni lile lile: "Tuna bango zuri la Kiingereza, tunataka la Kiswahili, la Kiarabu na la Kivietinamu kabla ya mwisho wa mwezi." Nyuma ya ombi hilo kuna imani moja ambayo, niseme wazi, imenichosha.

Dhana: Hawa hawajui kuwa sigara inaua. Waambieni kwa lugha yao, wataacha.

Wanajua. Pakiti za nchi hii zina picha za maonyo tangu 2006: mguu uliooza, mdomo wenye saratani. Tangu Desemba 2012 zimevuliwa hata nembo za kampuni, zote zina rangi moja ya tope. Mguu uliooza hauhitaji mkalimani. Tena pakiti moja inaweza kupita dola 40. Anayeilipa kwa mshahara wa kiwandani amekwisha kuwaza kuacha mara nyingi kuliko wewe ulivyowaza kumshauri.

Asichokijua ni mambo mengine kabisa. Hajui kwamba daktari anaweza kumwandikia vibandiko vya nikotini, vya kupunguza hamu ya sigara, kwa bei ya ruzuku. Hajui kwamba anaweza kupiga 131 450, akaomba mkalimani wa Kiswahili na kuunganishwa na washauri wa Quitline, huduma ya simu ya kuwasaidia wanaotaka kuacha sigara, 13 7848. Na hana hakika kama maneno yake hayataishia idara ya uhamiaji. Hofu hiyo haitokei kwenye dodoso. Aliyekaa miaka mingi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, alijifunza mapema kumpimia maneno kila anayemjia na fomu mkononi.

Kwa hiyo bango lililotafsiriwa linajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Anza utafiti kwingine: nani anampa nani sigara, wapi, na anayekataa anaonekanaje. Wanaume wengi ninaozungumza nao huvuta wakati wa mapumziko ya zamu, na anayenyoosha pakiti mara nyingi ndiye kaka aliyewatafutia hiyo kazi. Hapo mapafu hayamo kwenye mazungumzo. Wanachohitaji ni namna ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima, na maneno hayo wanayo wao, si mbunifu wa matangazo.

Kuyapata kuna taratibu zake. Niliwahi kuhudhuria kikao cha majadiliano kwenye ukumbi wa kanisa: mchungaji ndiye mkalimani, wake wa washiriki wamekaa nyuma. Alipoulizwa nani anavuta, hakuna aliyeinua mkono. Wakati wa chai nikawakuta nusu yao kwenye maegesho, nyuma ya gari, wakipokezana kiberiti. Kama si chai hiyo, ripoti ingesema uvutaji haupo.

Ushauri wangu wenzangu wamekwisha kuukariri, na bado haufuatwi: tenganisha wanaume na wanawake, vijana na wazee, mlipe mkalimani wa kitaaluma asiyesali nao wala kuishi nao mtaa mmoja, na kabla hujachapisha chochote, wasomee watu wachache, kisha waombe wakusimulie walichosikia. Usiwaulize kama wamependa. Watasema wamependa, kwa sababu wewe ni mgeni wao na chai umeileta wewe.

Dhana: Takwimu zinaonyesha wahamiaji wanavuta kidogo, basi hakuna tatizo.

Ni kweli kwamba katika utafiti wa kitaifa wa kaya, wanaozungumza lugha nyingine nyumbani huripoti uvutaji mdogo kuliko wanaozungumza Kiingereza pekee. Lakini utafiti wenyewe hufanywa kwa Kiingereza; asiyekijua ameachwa nje tangu mlangoni. Halafu wastani huo unawachanganya wanaume na wanawake, na katika jamii nyingi wanawake wanaovuta ni wachache mno. Watazame peke yao wanaume waliozaliwa Vietnam au Lebanon, utaona hali nyingine. Tenga jinsia kwanza, ndipo uniletee jedwali.

Dhana: Tukiandika kwa Kiswahili, tumewafikia Waswahili wote.

Mtu wa Uvira kule Kongo, wa Bujumbura na wa Mombasa hawaongei namna moja, na wengi wa watu wa miji hiyo miwili ya kwanza walisoma shule kwa Kifaransa. Kiswahili wanakijua mdomoni, si kwenye karatasi. Rekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja, msemaji awe Mkongo kama unawalenga Wakongo, uutume WhatsApp. Utafika jikoni ambako kipeperushi chako hakifiki.

Dhana: Shisha si sigara, maji yanachuja.

Maji yanaupoza moshi tu. Sumu inapita, na makaa yanatoa kaboni monoksidi hata kama ulichoweka juu si tumbaku. Sydney kumefanyika kampeni iitwayo Shisha No Thanks, iliyobuniwa pamoja na vijana wa familia zinazozungumza Kiarabu. Hiyo ndiyo njia. Wafadhili wengi huwaita vijana siku ya uzinduzi tu, wapigwe picha.

Dhana: Video imetazamwa na maelfu, kampeni imefaulu.

Kutazama si kuacha. Nionyeshe waliopiga simu Quitline kupitia mkalimani kabla ya kampeni na baada yake, kwa kila lugha, pamoja na waliokata simu kabla mkalimani hajapatikana. Kama idadi hiyo hairekodiwi, irekodiwe kwanza, fedha za video zisubiri. Na wewe unayeisimamia kampeni, kaa siku moja na mtu asiyejua Kiingereza apige namba uliyoiandika kwenye bango, mhesabu pamoja dakika mnazosubiri.