Kukabidhi na kusaliti: ugomvi wa Wadonati

Tarehe 19 Mei 303, wakuu wa mji wa Cirta, ambao leo unaitwa Constantine nchini Algeria, waliingia katika nyumba walimokuwa wakikutana Wakristo. Kaisari Diokletiano alikuwa ameamuru Maandiko yachomwe moto. Kumbukumbu za msako ule zimetufikia, na kila ninapozifundisha nakwama kwenye orodha ya mali: vikombe 2 vya dhahabu, 6 vya fedha, kanzu za wanawake 82, jozi 47 za viatu vya wanawake. Bila shaka ni vitu vya kuwagawia maskini. Askofu ameketi, wasaidizi wanatoa kimoja kimoja. Mmoja wao, Silvanus, analeta kisanduku na taa, vyote vya fedha, akisema amevikuta nyuma ya mtungi.

Mkumbuke huyo Silvanus.

Kilatini kina kitenzi kimoja, tradere, kwa kukabidhi na kwa kusaliti. Aliyetoa vitabu, basi, aliitwa kwa neno lilelile la Yuda. Mateso yalipokwisha, Caecilianus akawekwa wakfu kuwa askofu wa Karthago, mji mkubwa wa Afrika Kaskazini, na mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, akashtakiwa kwamba alitoa Maandiko. Maaskofu wapatao 70 wa Numidia, jimbo la Cirta, wakamkataa Caecilianus, wakasimika wa kwao. Baadaye akawaongoza Donatus, ndipo wakaitwa Wadonati. Hoja yao: mkono uliosaliti hauna Roho Mtakatifu wa kumpa mtu, hivyo ubatizo wake ni maji matupu. Aliyehamia kwao alibatizwa upya.

Sipendi wanavyodharauliwa vitabuni. Mtu ambaye ndugu yake aliuawa kwa kukataa kutoa kitabu, utamwambiaje apokee Meza ya Bwana kutoka kwa aliyekitoa?

Lakini uchunguzi ulimwona Felix hana hatia. Na mwaka 320, mbele ya liwali Zenophilus, kumbukumbu za Cirta zilisomwa hadharani dhidi ya askofu wa mji huo wa upande wa Wadonati. Askofu mwenyewe ni Silvanus, yule wa taa.

Hapo ndipo ninapoona nguvu ya jibu ambalo Augustino, askofu wa Hippo, aliwapa Wadonati baadaye: abatize Petro, abatize Yuda, anayebatiza ni Kristo. Kama neema ingetegemea usafi wa mchungaji, hakuna muumini ambaye angejua kama amebatizwa kweli.

Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 270 wa kila upande walikutana Karthago. Mwamuzi, Marcellinus, ofisa wa kaisari, aliwapa ushindi Wakatoliki, yaani upande uliomkubali Caecilianus. Augustino, ambaye zamani alikataa watu kulazimishwa, alikuwa ameshakubali nguvu ya dola, akiitegemea Luka 14: “ukawashurutishe kuingia ndani.” Katika hilo simfuati. Wajukuu wa watu walioamriwa na kaisari kukabidhi vitabu, sasa waliamriwa na kaisari mwingine, Mkristo, kukabidhi makanisa yao.