Plagini Haijui Vumbi Linavyoelea

Jumatatu iliyopita kijana mmoja aliegesha baiskeli mlangoni kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akaingia na laptopu kwapani, na kabla hajakaa akaanza: "Shikamoo mgosi. Ile plagini ya vumbi la dhahabu uliyotumia kwenye kadi ya harusi ya kule Raskazone, naiomba." Nikamuuliza, ukishaipata? "Basi, na mimi natoa kadi kama ile." Huyo alikuwa wa nne mwezi huu. Wa tano akija nitamkaribisha chai, nimpe andiko hili asome, mimi niendelee na kazi za watu.

Kadi yenyewe, yaani video fupi ya mwaliko, haina plagini (kiongezi cha programu) ya kununua hata moja. Lile vumbi limetoka kwenye CC Particle World, efekti ya chembe ya watu wa Cycore, inayokuja humohumo ndani ya After Effects, programu ya kutengenezea picha zinazotembea. Kijana anayo. Alishaifungua siku moja, ikamtolea cheche za njano na nyekundu kama za fundi anayechomelea geti, akaifunga. Akajiambia hii ni ya watoto, ya wakubwa imefichwa mahali.

"Efekti iko ndani ya plagini"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Plagini ya chembe haijui dhahabu ni nini. Haijui moshi, haijui mvua ya masika. Inajua hesabu tu: chembe zizaliwe ngapi, kila moja iishi muda gani, itoke kwa kasi gani, ivutwe chini kwa nguvu kiasi gani, izaliwe na rangi gani na ife na rangi gani. Trapcode Particular, plagini nyingine ya chembe, hiyo inayosifiwa kila kona na kulipiwa dola, inauliza maswali yaleyale, ila inayauliza mengi zaidi. Mtu aliyeshindwa kujibu maswali kumi ukimpa mia hujamsaidia, umemzamisha.

Nikamwambia afunge laptopu, tukatoka barazani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua limelala, linapenya kati ya nyumba mbili, na jirani anafagia uwanja. Nikamwambia aangalie vumbi.

"Linaanguka," akasema.

"Angalia tena."

Akaangalia. Halianguki. Linaelea, moja linakwenda kushoto, lingine linapanda, linasita, linashuka kidogo. Chembe inameta pale tu inapogeuka kwenye mwanga, halafu huioni tena ingawa ipo. Zilizo karibu na uso wako ni kubwa na zimefifia, za mbali ni nukta kali. Wala hakuna inayochomoza ghafla hewani au kuzimika kama taa ya LUKU iliyoisha. Zote huingia taratibu na kupotea taratibu.

Tukarudi ndani. Karibu kila alichokiona nje kina slaida yake, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha namba. Mvuto wa chini tukaupeleka karibu na sifuri. Kasi tukaipunguza mpaka cheche zikaacha kuruka. Aina ya chembe ilikuwa mstari, tukachagua Faded Sphere, duara lililofifia kingo. Rangi ya kuzaliwa tukaiweka njano iliyopauka, ya kufa hudhurungi ya chai ya maziwa. Ukubwa usiwe mmoja kwa zote, kwa sababu vumbi si shanga. Dakika kumi hazijaisha kijana akaacha kuniuliza habari za plagini.

Halafu mambo matatu ambayo hakuna plagini itakayokufanyia mpaka uyajue mwenyewe. La kwanza ni kina. Vumbi la leya moja, yaani tabaka moja, linakaa kama stika kwenye kioo. Tengeneza leya tatu: ya nyuma chembe ndogo nyingi, ya kati za wastani, ya mbele chache, kubwa, umezitia ukungu. La pili, ukinakili leya bila kubadilisha namba ya bahati nasibu, ile Random Seed iliyojificha kwenye sehemu ya Extras, chembe za leya zote tatu zitapita njia moja kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Mteja hatajua kasoro ni nini, ila atakwambia "haijanikaa". La tatu: kadi nyingi ninazoletewa zinaanza zikiwa tupu, kisha vumbi linaanza kumwagika kutoka katikati. Plagini inaanza kuzalisha pale leya inapoanzia! Isukume leya kushoto sekunde tatu au nne kabla ya mwanzo wa kompo (ubao unaojengea kadi), ili kadi inapofunguka vumbi liwe limeshajaa chumba kizima. Watu wameshanipigia simu usiku kuniuliza jina la plagini inayofanya hivyo.

Na hesabu, tafadhali. Chembe 100 kwa sekunde, kila moja ikiishi sekunde 3, maana yake kwenye skrini kuna chembe 300 kwa wakati mmoja. Ukiongeza uhai ukawa sekunde 10, hujagusa idadi ya wanaozaliwa lakini sasa una 1,000. Kijana mwingine aliweka 5,000 kwa sekunde na uhai wa sekunde 8, akaja kunilalamikia kwamba plagini imeharibika. Chembe 40,000, leya tatu. Haijaharibika, imechoka.

Nina sharti langu, na wanafunzi wananicheka kwa hilo: daftari la karatasi. Plagini mpya ikiingia, wiki mbili za kwanza priseti, yaani mipangilio iliyokwisha kutayarishwa, haziguswi. Kila siku unachukua slaida mbili au tatu, kila moja unaipeleka mwisho wa chini, kisha mwisho wa juu, na unaandika kwa maneno yako kilichobadilika. Maneno yako, si ya mwenye video ya mafunzo. Mmoja aliandika kuhusu msukosuko wa hewa: "hii inatia vumbi wazimu". Sijaona maelezo bora kuliko hayo, na hajawahi kuisahau slaida ile. Wale wa kutazama video arobaini mfululizo wamelala kitandani nawaambia waende wakapunge upepo Raskazone tu, faida ni ileile.

Tena vumbi lote hilo huwa limerushwa juu ya jina la bibi harusi linaloingia kwa mwendo mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, likagota ghafla kama toroli limegonga ukuta. Rekebisha kifremu kwanza, ile alama inayosema kitu kiwe wapi kwa wakati gani. (Kifremu, vifremu, vijana wameshaitia kwenye ngeli, siwapingi.) Chagua vifremu vyako, bonyeza F9, kisha fungua grafu uinyooshe kwa mkono. Mwendo ukikaa sawa, mara nyingi utagundua nusu ya vumbi haihitajiki.

"Nikipata ile mpya nitaanza upya vizuri"

Tanga waja leo waondoka leo, na plagini nazo ndivyo zilivyo. Trapcode, wenye ile Particular, ilianza kama kazi ya Msweden mmoja, ikaingia kampuni ya Red Giant, na Red Giant nayo ikaungana na Maxon. After Effects yenyewe ilitoka Januari 1993 mikononi mwa kampuni ndogo ya CoSA huko Providence, Marekani. Mwaka huohuo ikanunuliwa na Aldus, na mwaka 1994 Aldus ikamezwa na Adobe. Majina yamebadilika, vitufe vimehamahama. Chembe bado inazaliwa, inaishi, inakufa.

"Laptopu yangu ndogo, ndiyo maana inaganda"

Hapa kuna ukweli nusu. Piga hesabu na mimi. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kwa biti 8 (kipimo cha undani wa rangi) kila pikseli inakula baiti 4. Hiyo ni megabaiti 8.3 kwa fremu moja. Kwa fremu 25 kwa sekunde, sekunde kumi za kutazama ni fremu 250, yaani gigabaiti 2 na kidogo za RAM. Ukihamisha projekti kwenda biti 32, zidisha mara nne: gigabaiti 8 na ushei. Laptopu ya gigabaiti 8 ambayo pia imefungua Chrome yenye tabu ishirini itaupata wapi uwezo huo?

Lakini dawa ya kwanza si kununua mashine. Weka onyesho kwenye nusu. Upana nusu, urefu nusu, pikseli zinabaki robo, na RAM inayoliwa robo. Uzito kamili uusubiri siku ya kurenda, yaani kutoa video ya mwisho. Fanyia kazi sekunde tatu zinazokusumbua, si kadi nzima ya dakika. Leya ya vumbi iliyokubalika irende peke yake iwe video, uirudishe kama faili. Mimi nilifanya hivyo miaka mitatu kwenye mashine ambayo leo mwanangu anachezea gemu za karata.

Tangu mwishoni mwa 2021 After Effects inaweza kurenda fremu kadhaa kwa pamoja, kwa kutumia viini vingi vya prosesa. Plagini ya zamani isiyojua utaratibu huo inaifunga foleni nzima. Kwa hiyo ukiona kazi inakwenda kwa kujivuta, zima efekti moja baada ya nyingine ujue nani mwenye foleni kabla hujaanza kuchangisha pesa za kadi ya picha, ile ya ndani ya kompyuta.

"Mng'ao una mistarimistari, plagini mbovu"

Si mbovu. Umeacha projekti kwenye biti 8, ambayo kila rangi ina ngazi 256 tu. Bluu ya usiku inayofifia taratibu nyuma ya jina la bwana harusi inaishiwa ngazi, ndipo unaona mistari. Hamia biti 16, zipo ngazi zaidi ya 32,000. Kwa mng'ao wa kuchoma macho tumia 32. Ukituma WhatsApp mistari ikarudi, hiyo ni kubanwa kwa video, plagini haina kesi: tuma kama dokumenti.

"Nimeiweka kwenye folda lakini haionekani"

Kwa sababu si plagini. Faili la .aex ndilo plagini ya Windows. La .ffx ni priseti, la .jsx ni skripti, la .aep ni projekti, yaani templeti ya mtu. Kila moja lina mahali pake, na kutupia yote kwenye folda ya Plug-ins ni sawa na kutia unga, sabuni na mafuta ya taa kwenye debe moja. Na hapana, .aex haiingii kwenye simu. DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri video, nayo inapokea plagini za mfumo wa OFX, hizi za After Effects haitazitambua, ila Fusion iliyo ndani yake, hata kwenye toleo la bure, ina chembe zake.

"Ya kukraki ni ileile"

Kifurushi cha plagini iliyovunjwa leseni kinachokuambia uzime kinga ya virusi kabla hujakifungua, wewe unafikiri kinaomba nini? Nilikifungua, zamani, kwa ujinga wangu. Nikafuta mashine yote na kazi za miezi saba. Na hata kikiwa salama, siku mteja anapotaka projekti yenyewe, ikifunguliwa kwake itaandika kwamba efekti haipo, na vumbi lako lote halitaonekana. Jibu lako litakuwa lipi?

Za bure za halali zipo. Saber ya Video Copilot, ile ya mwanga unaozunguka maandishi, pakua kwenye tovuti yao wenyewe, hawachukui hata senti. Mocha ya kufuatilia mwendo imo ndani ya After Effects, na nawajua watu wenye miaka minne kwenye kazi hii ambao hawajawahi kuifungua.

Kijana wa baiskeli amenitumia kadi yake jana. Mvuto ameuweka hasi, vumbi linapanda kama mapovu ya soda. Nimemwambia aihifadhi kwa jina lingine, asiifute, kisha arudi barazani saa kumi na moja. Faili la ile kadi ya Raskazone ninalo, sijalificha. Anayetaka kulifungua aje na daftari.