Ndugu yako yuko mahabusu na anakohoa: maswali kuhusu kifua kikuu gerezani

Kwa nini TB husambaa sana gerezani?

Vimelea vyake husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, huelea chumbani kwa saa kadhaa. Sasa fikiria selo: watu wamelala wamebanana, mlango umefungwa tangu jioni, dirisha ni tundu tu juu ya ukuta. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wafungwa huugua TB takriban mara 10 zaidi ya watu wa uraiani. Nelson Mandela aligundulika nayo mwaka 1988 akiwa mfungwa wa Pollsmoor, Cape Town. Alitibiwa akapona.

Ndugu yangu anakohoa wiki ya tatu sasa. Afanye nini?

Aombe kumwona mganga wa gereza leo, makohozi yapimwe, na apimwe VVU pia. Asingoje kutema damu. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni dalili tosha.

Hajahukumiwa. Ana haki ya kutibiwa?

Anayo. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa na mahabusu watibiwe bure, kwa kiwango kilekile cha raia wengine. Uamuzi wa tiba ni wa mganga. Askari hana mamlaka ya kuutengua.

Akitoka kabla ya kumaliza dozi?

Hapa ndipo panaponiuma. Dozi ya kawaida ni miezi 6, lakini mahabusu hutoka ghafla: dhamana imekubaliwa, au kesi imefutwa, anatokea mahakamani moja kwa moja na vidonge vimebaki gerezani. Kwa kuwa kikohozi kimeshapungua, anajiona mzima. Vimelea vilivyobaki huweza kuwa sugu, na TB sugu ni ngumu zaidi kutibu. Basi mnaokwenda kumdhamini, ulizieni pia kadi yake ya matibabu. Kesho yake mpelekeni kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Kenya na Tanzania dawa za TB ni bure. Kadi ikikosekana, aende hivyohivyo, ataje gereza alikoanzia dawa.

Tukae naye vipi nyumbani?

Fungueni madirisha, na watoto wadogo wapelekwe kupimwa. Sahani na kikombe haviambukizi TB, kwa hiyo ale nanyi.