Maji ya rangi yakishakuwa meupe, yamekuwa salama?

Maji yanayotoka viwanda vya nguo yana madhara gani?
Rangi nyingi za nguo ni za kundi la azo, zenye atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana katikati ya molekuli. Bakteria wa kwenye tope la mto, hata wa tumboni mwetu, wakikivunja kiungo hicho hubaki kemikali ziitwazo amini. Baadhi ya amini hizo, kama benzidini, husababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Mapema kabisa, mwaka 1895, daktari Mjerumani Ludwig Rehn aliripoti saratani hiyo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi.

Kwa nini mabwawa ya majitaka hayatoshi?
Rangi ya nguo imeundwa isichuje kwa sabuni wala kupauka kwa jua. Sifa hiyo anayoilipia mnunuzi ndiyo inayowashinda bakteria wa bwawa kuivunja rangi kabisa.

Vioksidishaji, yaani kemikali zinazovunja uchafu kwa kuuoksidisha, vinasaidiaje?
Njia maarufu ina jina la Mwingereza Henry Fenton, aliyeeleza msingi wake mwaka 1894. Maji hutiwa asidi hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ifike karibu 3, kisha chumvi ya chuma na haidrojeni peroksaidi. Hapo huzaliwa radikali za haidroksili, vipande vya molekuli visivyotulia, vikali kiasi cha kurarua karibu kila molekuli yenye kaboni iliyo jirani. Mwishoni huongezwa chokaa kupunguza ukali wa asidi, na chuma hutuama kama tope la kahawia. Tope hilo nalo lina gharama ya kulitupa, jambo ambalo wauza mitambo hawalitaji sana.

Rangi ikiisha, kazi imekwisha?
Hapana! Rangi hupotea mapema, mara nyingi ndani ya dakika chache, kwa sababu kiungo cha azo ndicho hukatika kwanza. Vipande vya molekuli vingali majini. Anayekuonyesha chupa ya maji meupe hajathibitisha kitu. Mwombe vipimo vya kaboni iliyobaki na vya sumu.

Natengeneza batiki nyumbani. Nitie Jik kwenye maji ya rangi?
Usitie. Klorini iliyomo kwenye Jik huondoa rangi, lakini inaweza kuungana na mabaki ikazaa kemikali nyingine zenye madhara, na ikikutana na asidi hutoa gesi inayounguza mapafu. Peroksaidi ya kiwandani nayo huunguza ngozi na macho. Afadhali utumie maji hayohayo kwa vitambaa vingine hadi rangi ipungue, na usiyamwage karibu na kisima wala bustani ya mboga. Glavu za mpira ni lazima, kwani kostiki soda inayotiwa kwenye rangi za batiki haina msamaha.