Mwenye chombo cha habari ananunua nini? Mfano wa The Simpsons

Mei 23, 2004, televisheni ya Fox nchini Marekani ilifunga msimu wa 15 wa katuni ya The Simpsons kwa hadithi ambayo sisi tunaofundisha elimu ya vyombo vya habari bado tunairudia darasani. Bwana Burns, tajiri mwenye kinu cha nyuklia mjini Springfield, anadhaniwa amekufa kwa kuporomokewa na mwamba. Kumbe yu hai, na anagundua jinsi wenyeji wanavyomchukia. Anaamua kununua vyombo vya habari vya mji mzima. Kinachobaki nje ya himaya yake ni kigazeti cha Lisa, msichana wa miaka minane.

Wengi tukisikia uhuru wa kujieleza hutujia serikali, polisi na mahakama. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanaizuia dola. Hayamzuii mwenye gazeti kuamua kipi kichapwe. Kwa hiyo mji unaweza kuwa na uhuru wote wa kikatiba, na bado habari za mtu mmoja zisiandikwe, kwa sababu tu yeye ndiye anayelipa mishahara.

Waandishi wa katuni hii hawakubuni hofu hiyo. Juni 2, 2003, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipiga kura 3 kwa 2 kulegeza masharti ya umiliki, ikiwemo kuruhusu kampuni moja ya televisheni kufikia asilimia 45 ya kaya nchini badala ya 35. Wananchi walipinga kwa wingi. Januari 2004 Bunge likaweka kikomo cha asilimia 39, na mwezi mmoja baada ya kipindi kurushwa, mahakama ya rufaa ya Philadelphia ikairudishia tume kanuni nyingi izitazame upya. Fox yenyewe wakati huo ilikuwa mali ya Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, na hadithi inamtaja kwa jina. Ujasiri huo nauheshimu sana.

Lisa anahongwa farasi wadogo, anakataa. Anakatiwa umeme, anachapa kwa mashine ya zamani ya kudurufu. Anapochoka na kukata tamaa, baba yake Homer anaanzisha gazeti lake, na majirani nao wanafuata, kila mtu na lake. Homer anaona hilo ni afadhali kuliko mtu mmoja kushika kila kitu. Namuunga mkono nusu tu. Wingi wa sauti unavunja ukiritimba, lakini haumlazimishi yeyote kuhakikisha jambo kabla ya kulichapa, kumpa nafasi anayetuhumiwa, wala kukiri kosa pale pale lilipotokea. Hiyo ndiyo kazi ya uandishi, na inahitaji muda, mhariri na fedha zisizotoka kwa anayeandikwa.

Basi ukitaka kukipima chombo unachokiamini, anza na wanachoandika kuhusu biashara za mwenyewe. Kipimo hicho kinaihusu hata katuni hii. Mwaka 2019 ilihamia mikononi mwa Disney. Disney+, huduma ya Disney ya kutazama video mtandaoni, ilipoanza Hong Kong Novemba 2021, watazamaji waligundua kuwa sehemu moja ya msimu wa 16 haipo: ile ambayo familia ya Simpson inafika uwanja wa Tiananmen mjini Beijing, ambako mwaka 1989 jeshi la China lilizima maandamano kwa kumwaga damu, na kukuta kibao kinachosema kwamba mwaka huo hapakutokea kitu hapo.