Nailoni za siti: kuziacha kunalinda bei ya gari?

Wengi tunaamini gari mpya ukiiacha na zile nailoni za kiwandani kwenye siti basi siti zitabaki mpya na siku ya kuuza utapata hela nzuri. Wazo linaeleweka kabisa, nani anataka chai imwagike kwenye siti ya mwezi mmoja?

Ila zile nailoni ziliwekwa kwa ajili ya safari tu, gari isichafuke kiwandani na melini mpaka ikufikie. Hazipitishi hewa, sasa kwa joto la Dar au Mombasa jasho na unyevu vinabaki chini yake, kitambaa kinaanza kunuka, ukungu unaingia, na zile za kubandikwa milangoni zikikaa juani muda mrefu gundi inaganda mpaka kuzibandua inakuwa kesi. Halafu kuna magari yenye eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigongwa) ubavuni mwa siti, ikifunikwa inaweza isifunguke vizuri.

Huhitaji fundi kuhakikisha. Inua kona moja ya nailoni, gusa, nusa. Soma pia kile kitabu cha gari tunachokisahau kwenye droo (mimi changu nilikifungua mwaka wa pili), sehemu ya siti na eabegi.

Na siku ukipita yadi ya magari angalia wanunuzi wanavyokagua: rangi, kutu chini, kilomita, rekodi za sevisi, harufu ndani. Kama unaogopa uchafu weka kava za kitambaa zisizoziba eabegi, na paki kivulini.