Kwa nini lifti za meli ya kitalii hugoma, na choo cha chumba chako kinaingiaje hapo?

Meli kubwa ya kitalii ya leo ni mtaa mzima uliojengwa kwenda juu. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na sitaha 20, yaani ghorofa za meli, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600 pamoja na wafanyakazi 2,350. Karibu watu elfu kumi, na hakuna hata mmoja anayeweza kutoka jioni akaenda kulala kwingine. Chombo cha thamani hiyo, kilichojaa mabwawa ya kuogelea na kumbi za maonyesho, bado unaweza kukikuta na kibao kimebandikwa kwenye mlango: lifti haifanyi kazi. Na ukirudi chumbani unabonyeza kitufe cha choo, kimya.

Kero hizo mbili zina mzizi mmoja. Lifti na choo cha melini vyote hupitia njia ndefu za wima zinazopasua sitaha nyingi, vyote hutegemea umeme wa meli, na vyote hushirikiwa na watu wengi kuliko wanavyojua. Mtu akichagua chumba hudhani anachagua kitanda na dirisha tu. Pamoja na hivyo anachagua lifti atakazogombania na bomba la maji machafu atakaloshiriki na majirani wa juu na wa chini.

Zamani hapakuwa na cha kugoma. Meli ya Kijerumani Amerika, ya mwaka 1905, hutajwa kuwa ya kwanza kuwawekea abiria lifti ya umeme. Titanic mwaka 1912 ilikuwa na lifti nne: tatu za daraja la kwanza, moja ya daraja la pili, na daraja la tatu wakapanda ngazi. Hao wa daraja la tatu, waliopita 700, walikuwa na mabafu mawili ya kujilaza kwa jumla yao, na hata wengi wa daraja la kwanza walioga katika mabafu ya pamoja yaliyokuwa ushorobani. Kila chumba kuwa na bafu na choo chake ni jambo la juzi tu.

Tuanze na lifti. Jengo la nchi kavu limesimama. Meli, hata pale abiria anapoona imetulia, haijatulia: inakwenda mrama, inainua omo na kushusha tezi, na mwili wake wenyewe unapinda. Wimbi likiinyanyua katikati, ncha mbili huning'inia kidogo. Likizinyanyua ncha, katikati hubonyea. Reli ambazo lifti hupanda na kushuka zimefungwa kwenye mwili huo huo. Kiwango cha kimataifa cha lifti za melini, ISO 8383, hutaka lifti iweze kuendelea na kazi meli inapolala hadi nyuzi 10 kila upande. Kwa hiyo hizi si lifti za hoteli zilizopandishwa melini. Kamba zake za chuma, waya wa umeme unaoning'inia chini ya chumba cha lifti na ule mzigo mzito unaoshuka wakati lifti inapanda, vyote vinahitaji vizuizi ili visipigepige kuta za shimo.

Bahari ikichafuka sana, maofisa wa meli huweza kuzima lifti kwa makusudi, kabla waya haujanasa mahali. Hapo hakuna kilichoharibika, ingawa kibao ni kile kile.

Lakini ukimuuliza fundi wa lifti, hataanza na mawimbi. Ataanza na mlango. Lifti inayohudumia sitaha 15 ina milango 15 ya nje, ukiongeza na mlango wa lifti yenyewe, na kila mmoja una kufuli na viungio vya umeme vinavyotakiwa kuthibitisha kwamba umefungwa sawasawa. Mmoja usipothibitisha, lifti haisogei. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, navyo hula viungio hivyo. Mtetemo wa mitambo hulegeza skrubu usiku na mchana. Kisha waje binadamu: mzazi anauzuia mlango kwa mguu akimsubiri mwanawe, mwana anabonyeza vitufe vyote, masanduku ya siku ya kupanda yanagonga kingo, na kiti cha magurudumu cha umeme kinaupiga mlango kwa chini mpaka unatoka kwenye mfereji wake.

Kuna jambo watu wengi hawalipendi nikilisema: lifti iliyogoma mara nyingi ni lifti inayofanya kazi yake. Mwaka 1854 huko New York, Elisha Otis alipanda jukwaa la kunyanyulia mizigo, akaamuru kamba ikatwe mbele ya umati, na jukwaa likajishika lenyewe badala ya kuporomoka. Tangu hapo ubunifu wa lifti umekwenda upande mmoja: ikiwa na shaka, isimame. Ukiichukua tabia hiyo ya shaka ukaiweka mahali penye mtetemo, chumvi na mrama, itashuku mara nyingi zaidi.

Mbona basi haitengenezwi usiku? Kwa sababu melini hakuna usiku wa namna hiyo. Ofisi za nchi kavu zikifungwa, fundi hupata saa nyingi za kufanya kazi bila bughudha. Melini muziki ukizimwa, wafanya usafi wameshaanza. Wafanya usafi wakimaliza, wa chai ya asubuhi wanashuka. Siku ya kubadilisha abiria ndiyo mbaya kuliko zote, maana maelfu hushuka asubuhi na maelfu wengine hupanda kabla ya jioni, wote wakiwa na mizigo. Wafanyakazi wana lifti zao za kupitishia masanduku na vyakula, nazo hazipumziki.

Kipuri nacho kina safari yake. Fundi umeme wa meli anaweza kubadilisha kufuli la mlango, lakini kifaa cha kielektroniki kisichokuwamo ghalani kitasubiri bandari ijayo, na kazi kubwa itasubiri chelezo, mahali meli inapotolewa majini ikarabatiwe. Meli ya abiria hulazimika kukaguliwa sehemu ya chini mara mbili katika miaka mitano, hivyo zamu ya chelezo haiji kila ukiihitaji. Tena kazi ndani ya shimo la lifti haina mzaha: Desemba 2015 fundi umeme wa meli ya Carnival Ecstasy alikufa akiwa kazini kwenye lifti. Ukiona lifti imezimwa saa nyingi bila mtu yeyote kuonekana, huenda yupo mtu mle ndani ambaye maisha yake yanategemea izimwe.

Na moja ikizimwa, jirani zake hulemewa. Kwa kanuni za kimataifa meli hugawanywa kwa kuta zinazozuia moto, kila sehemu ikiwa kwa kawaida haizidi mita 40 kwa urefu, na lifti pamoja na ngazi kuu hukusanywa katika kumbi chache za wima. Ukumbi wenye lifti sita ukipoteza moja, tano zilizobaki hubeba watu wale wale, milango yao ikifunguka na kufungwa mara nyingi zaidi. Hivyo hivyo ndivyo ya pili hufuata.

Sasa choo. Kile kishindo kinachowashtua abiria siku ya kwanza kinatokana na ombwe, yaani bomba lililonyonywa hewa. Ukibonyeza kitufe, vali iliyo chini ya bakuli hufunguka kwa muda mfupi sana. Ndani ya bomba kanieneo ya hewa, yaani nguvu inayosukuma nayo, ni karibu nusu ya ile ya chumbani, kwa hiyo hewa ya chumbani hukimbilia humo na kusukuma kila kitu. Mhandisi wa Sweden, Joel Liljendahl, hutajwa kuwa mwanzilishi wa mfumo huu katika miaka ya 1950. Hutumia takriban lita moja ya maji, wakati choo cha kawaida hutumia sita au zaidi. Piga hesabu: abiria 7,600 wakienda mara tano kwa siku, lita tano zinazookolewa kila mara hufika lita 190,000 kwa siku, na maji yote hayo yangepaswa kutengenezwa au kubebwa, kisha kusafishwa kabla ya kumwagwa. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, wa kuzuia meli kuchafua bahari, huruhusu maji ya choo yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu yamwagwe zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na yasiyosafishwa zaidi ya maili 12.

Faida nyingine ni mabomba. Bomba linalotegemea maji kuteremka lenyewe huhitaji mteremko, na mteremko hauaminiki kwenye kitu kinachoinama kushoto na kulia. Bomba la ombwe ni jembamba, linaweza kupanda, kukata kona na kuzunguka nguzo. Gharama ya uhuru huo ni kwamba vyumba vingi huning'inia kwenye mstari mmoja. Mtu wa sitaha ya tisa akitupa kitambaa cha kujipangusia, kikanasa kwenye kona, wenzake hukosa choo. Tena si lazima pazibe: vali moja tu ikikwama wazi huvujisha hewa mpaka ombwe la mstari mzima linapotea. Ndiyo maana choo chako kinaweza kugoma bila wewe kufanya kosa lolote, na ndiyo maana kuna onyo kwenye kila ukuta wa choo cha melini, ambalo kila safari kuna anayelipuuza.

Wasidhani watalii ndio peke yao wenye taabu hii. Mwaka 2020 wakaguzi wa serikali ya Marekani walieleza kwamba vyoo vya manowari za kubeba ndege George H. W. Bush na Gerald R. Ford, navyo vya mfumo wa ombwe, vilikuwa vikiziba ovyo kiasi cha kuhitaji kuoshwa kwa asidi kila mara, na kila mwosho uligharimu takriban dola 400,000.

Siku ambayo lifti na choo vilikufa pamoja mbele ya macho ya dunia ni 10 Februari 2013. Carnival Triumph ilikuwa katika Ghuba ya Meksiko na zaidi ya watu 4,200 ndani yake. Mafuta yalivuja kwenye jenereta moja, moto ukawaka katika chumba cha mitambo. Ulizimwa na hakuna aliyekufa, lakini umeme ulikuwa umekwenda. Bila umeme pampu hazitengenezi ombwe, na bila ombwe choo ni bakuli tupu. Abiria walipewa mifuko ya plastiki kujisaidia, ushoroba ukatapakaa uchafu, wengi wakahamisha magodoro kwenye sitaha za wazi. Meli ilikokotwa hadi Mobile, Alabama, ikafika usiku wa tarehe 14.

Kanuni zilikuwa zimekwisha kuliona hilo, ila hazikuigusa meli hiyo ya mwaka 1999. Meli ndefu za abiria zilizoanza kuundwa kuanzia 1 Julai 2010 hutakiwa, baada ya ajali ya moto au maji ya kiwango fulani, ziweze kurudi bandarini zenyewe, na ziwe na maeneo salama yenye vyoo, maji, chakula, mwanga na hewa. Kuhusu lifti, umeme wa dharura unatakiwa utoshe kuzifikisha kwenye usawa wa sitaha, hata kama ni moja baada ya nyingine, ili waliomo watoke. Kuwatoa watu tu, si kuendelea kuwapandisha. King'ora kikilia, njia ni ngazi.

Mchaguaji wa chumba afanye nini na haya yote? Bafu la melini aghalabu huundwa kiwandani likiwa zima, na kuta, choo na sinki lake, kisha huingizwa kwenye chumba ambacho nacho kimeundwa kiwandani. Ndiyo maana yanafanana mno, na ndiyo maana kizingiti cha mlango kimeinuka: meli ikilala, maji yabaki ndani. Usiku wa kwanza kila mtu hujikwaa. Kati ya pazia na mlango wa kioo, mimi sioni mjadala. Pazia hukugandia mwilini na kuvujisha maji meli inapoyumba. Bafu la kujilaza ni la vyumba vya bei ya juu, na lina sababu zaidi ya nafasi: lita 150 za maji ni kilo 150, na ungeyaweka katika vyumba 2,000 ungekuwa na tani 300 za maji yanayochezacheza juu sana ya usawa wa bahari.

Wapo waliojaribu mpangilio mwingine. Disney, tangu Disney Magic ya 1998, huweka katika vyumba vyake vingi choo na sinki upande mmoja, bafu na sinki la pili upande mwingine, na familia yenye watoto huona maana yake asubuhi ya kwanza. Norwegian Epic ya 2010, meli ya kampuni ya Norwegian Cruise Line, ilikwenda mbali zaidi: sinki likawekwa chumbani, choo na bafu vikatenganishwa pande mbili za mlango wa kuingilia, nyuma ya vioo vya ukungu. Abiria wanaolala na rafiki badala ya mwenzi walilalamika sana, na meli zilizofuata za kampuni hiyo zikarudi kwenye bafu la kawaida.

Kuhusu mahali, karibu na lifti kuna sauti za watu hadi usiku wa manane. Ushoroba mmoja kando yake hutosha. Aliye na miguu mizuri achukue chumba kisichozidi sitaha tatu au nne kutoka mahali pa chakula, naye hatajali kibao chochote. Kwa asiyeweza ngazi hesabu ni nyingine kabisa. Vyumba vya watu wenye ulemavu vina milango mipana, bafu lisilo na kizingiti na vishikio ukutani, lakini ni vichache na huisha mapema. Anayevihitaji ndiye huyo huyo anayeihitaji lifti, kwa hiyo aulize kabla ya kulipa ni lifti ngapi zinahudumia sitaha yake, na ajiandikishe kuwa anahitaji msaada wakati wa dharura. Lifti zikizimwa, wafanyakazi humfuata chumbani na kiti maalumu cha kushushia mtu ngazini.